Viungo vinavyonyumbulika kupita kiasi na maumivu ya taya: Uhusiano wake ni upi?

Mtu anayeweza kukunja kidole gumba mpaka kikagusa mkono huwafurahisha wenzake shuleni na huwa hodari katika sarakasi. Ni wachache wanaofikiri kwamba ulaini huo wa viungo unaweza kuhusiana na taya linaloalika wakati wa kula, linalochoka kabla sahani haijaisha, au linalokwama likiwa wazi baada ya mwayo mmoja mkubwa. Kwa sababu hiyo mgonjwa huzunguka muda mrefu: leo anatibiwa sikio, kesho kichwa, keshokutwa anang'olewa jino lisilo na kasoro.

Makala hii inaeleza viungo vinavyonyumbulika kupita kiasi ni vipi, kiungo cha taya kinavyofanya kazi, uhusiano uliopo kati ya mambo hayo mawili, na hatua ambazo mgonjwa anaweza kuzichukua nyumbani na hospitalini.

Kunyumbulika kupita kiasi maana yake nini?

Mahali mifupa miwili inapokutana hushikwa na kano, yaani nyuzi ngumu zinazozuia mifupa isiende mbali kuliko inavyotakiwa. Nyuzi hizo zimejengwa kwa kiasi kikubwa na protini iitwayo kolajeni. Kwa baadhi ya watu kano hizo ni laini zaidi, hivyo kiwiko, goti au kidole hupita mpaka wake wa kawaida. Hali hiyo mara nyingi huonekana katika familia: mama anayo, na mmoja au wawili kati ya watoto wake wanayo pia.

Kwa walio wengi hali hii si ugonjwa. Watoto huwa nayo zaidi kuliko watu wazima, wanawake zaidi kuliko wanaume, na hupungua umri unavyosonga. Wacheza ngoma, wanasarakasi na baadhi ya wapiga vinanda hata hufaidika nayo.

Tatizo huanza pale ulegevu unapoambatana na maumivu, viungo kuteguka mara kwa mara, au uchovu usioelezeka. Hapo madaktari huzungumzia matatizo yatokanayo na ulegevu wa viungo. Wachache miongoni mwao wana maradhi ya kurithi yanayogusa tishu zinazoshikilia mwili, kama vile ugonjwa wa Ehlers-Danlos au ugonjwa wa Marfan. Ehlers-Danlos umepewa jina la madaktari wawili wa ngozi, Edvard Ehlers wa Denmark na Henri-Alexandre Danlos wa Ufaransa, walioueleza mwanzoni mwa karne ya 20. Orodha ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2017 iliugawa katika aina 13. Aina inayoonekana zaidi, ile ya viungo kulegea, haina kipimo cha damu cha kuithibitisha. Daktari huitambua kwa kusikiliza historia ya mgonjwa na kumchunguza mwili.

Kipimo kilichozaliwa Afrika

Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani kutambua ulegevu wa viungo kinaitwa kipimo cha Beighton. Kilitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1973 na Peter Beighton na wenzake, ambao waliwapima zaidi ya watu 1,000 wa jamii ya Watswana vijijini Afrika Kusini. Kipimo kina alama 9, na hakihitaji mashine yoyote:

- Kidole kidogo cha mkono kurudishwa nyuma kupita nyuzi 90: alama 1 kwa kila mkono.
- Kidole gumba kukunjwa mpaka kiguse sehemu ya mkono iliyo kati ya kiganja na kiwiko: alama 1 kwa kila mkono.
- Kiwiko kupinda kwa nyuma zaidi ya nyuzi 10: alama 1 kwa kila mkono.
- Goti kupinda kwa nyuma zaidi ya nyuzi 10: alama 1 kwa kila mguu.
- Kuinama na kuweka viganja vyote sakafuni bila kukunja magoti: alama 1.

Kwa mujibu wa vigezo vya mwaka 2017 vya kutambua Ehlers-Danlos, mtu mzima wa hadi miaka 50 huhesabiwa kuwa na ulegevu wa jumla akipata alama 5 au zaidi. Kwa mtoto ambaye hajabalehe ni alama 6, na kwa aliyezidi miaka 50 ni alama 4. Alama hizo peke yake si ugonjwa. Utafiti uliofanyika miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta zaidi ya watu 4 kati ya 10 wana viungo vya namna hii, na wengi wao hawakuwa wagonjwa.

Jambo moja ni muhimu hapa: taya halimo katika alama hizo 9. Mtu anaweza kupata alama nyingi na taya lake likawa imara, na mwingine akapata alama chache huku taya lake likiwa limelegea. Kwa hiyo kipimo hiki humpa daktari dokezo tu. Taya lazima lichunguzwe lenyewe.

Kiungo cha taya kinavyofanya kazi

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio yako, kisha fungua na ufunge mdomo taratibu. Kile unachokihisi kikitembea chini ya vidole ni kichwa cha mfupa wa taya la chini. Kinakaa katika kijishimo kilichopo kwenye fuvu, na kati yake na fuvu kuna kisahani cha gegedu kinachozuia mfupa usisuguane na mfupa.

Kiungo hiki kinatofautiana na goti au kiwiko kwa mambo mawili. Kwanza, vipo viwili, kulia na kushoto, na mfupa ni mmoja; kimoja hakiwezi kusogea bila kingine. Pili, hakifunguki kama bawaba pekee. Mdomo unapoanza kufunguka, kichwa cha mfupa huzunguka mahali pake. Ukiendelea kufunguka, huteleza mbele na kushuka kwenye kijimwinuko cha mfupa, kisahani kikienda nacho.

Mtu mzima kwa kawaida hufungua mdomo kiasi cha milimita 40 hadi 50 kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Njia rahisi ya kukadiria ni kusimamisha vidole vitatu vyako mwenyewe, kimoja juu ya kingine, kati ya meno hayo. Kama vinaingia, mdomo unafunguka vya kutosha.

Ulegevu unaliathirije taya?

Njia ya kwanza ni mfupa kupita mpaka. Kano zikiwa laini, kichwa cha taya huteleza mbele kuliko inavyotakiwa na kuvuka kile kijimwinuko. Mara nyingine hurudi chenyewe, na mtu husikia tu mshtuko au mlio. Mara nyingine hukwama upande wa mbele, misuli ikakaza, na mdomo ukabaki wazi. Hilo ndilo taya kuteguka.

Njia ya pili ni kisahani kuhama. Nacho kimeshikwa na nyuzi. Zikilegea, kisahani huteleza mbele ya kichwa cha mfupa. Mdomo unapofunguliwa kichwa hukirukia na kutoa mlio wa kualika, na mdomo ukifungwa hutoka tena. Kwa baadhi ya watu kisahani hufika mahali kisirudi tena. Hapo mlio hupotea, lakini mdomo haufunguki vizuri. Labda vidole viwili tu ndivyo vinavyoingia. Mgonjwa anayefurahi kwamba mlio umekwisha huku mdomo umebana anapaswa kumwona daktari mapema.

Njia ya tatu ni misuli kufanya kazi ya kano. Kiungo kisipokuwa na mshiko, misuli ya shavu na ya panja hukaza muda wote ili kukituliza. Misuli hiyo huchoka, huuma, na maumivu husambaa kwenye kichwa, sikio na shingo. Isitoshe, watu wenye viungo vilegevu mara nyingi huhisi kwa uhafifu kiungo kimefika wapi, hivyo hufungua mdomo kupita kiasi bila kutambua.

Tafiti zinasema nini?

Matatizo ya kiungo cha taya ni ya kawaida katika jamii, na huwapata zaidi wanawake, hasa wa umri wa kati ya miaka 20 na 40. Swali ambalo watafiti wamekuwa wakijiuliza ni kama ulegevu wa viungo vya mwili mzima unaongeza uwezekano huo.

Jibu linategemea nani anachunguzwa. Kwa wagonjwa wa Ehlers-Danlos uhusiano uko wazi: maumivu ya taya, kualika na kuteguka huripotiwa kwa wingi miongoni mwao. Kwa watu wa kawaida wenye viungo vinavyonyumbulika, matokeo yanatofautiana. Utafiti mmoja uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watu hao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na taya linaloalika, na uwezekano mdogo wa kuwa na mdomo unaofunguka kidogo. Lakini hawakuonekana kuwa na maumivu ya misuli au ya kiungo cha taya kuliko wengine.

Maana yake kwa msikilizaji ni hii: viungo laini huweza kulifanya taya lialike na kufunguka sana, lakini maumivu mara nyingi huhitaji kitu kingine cha kuyachochea. Vichochezi hivyo ni pamoja na kusaga meno usingizini, kukaza meno mchana kwa msongo wa mawazo, pigo la usoni, kukaa na mdomo wazi muda mrefu kwa daktari wa meno, na kutafuna vitu vigumu kwa saa nyingi. Habari njema ni kwamba vingi kati ya vichochezi hivyo vinaweza kupunguzwa, hata kama ulaini wa kano hauwezi kubadilishwa.

Dalili za kuangalia

- Taya kualika au kukwaruza wakati wa kula au kupiga mwayo.
- Maumivu mbele ya sikio, shavuni au kwenye panja, hasa yanayozidi wakati wa kutafuna.
- Sikio kuuma au kuhisi limeziba ilhali daktari amelitazama na hakuona uambukizi.
- Taya kwenda upande mmoja mdomo unapofunguliwa.
- Mdomo kushindwa kufunguka vizuri, au kushindwa kufunga.
- Taya kuchoka haraka kwa kula nyama, kuongea sana au kuimba.

Taya linaloalika bila maumivu na bila kubana halihitaji matibabu. Watu wengi huishi nalo maisha yote bila madhara. Hakuna sababu ya kung'oa jino, kusaga meno au kufanyiwa upasuaji kwa ajili ya mlio peke yake.

Taya likikwama wazi

Mtu ambaye taya limeteguka hawezi kufunga mdomo, mate yanamtoka, na maneno yake hayaeleweki. Watu huogopa, na wengine hudhani ni kiharusi au ni mambo ya kurogwa. Ukweli ni kwamba kichwa cha mfupa kimevuka mpaka wake na misuli inakizuia kurudi.

Usimruhusu mtu asiye na mafunzo alivute au alipige taya hilo. Mfupa unaweza kuvunjika, na taya linaporudi hufunga kwa nguvu kiasi cha kujeruhi vidole vya anayesaidia. Mkalishe mgonjwa, mtulize, mpe kitambaa cha kukinga mate, shikilia kidevu chake bila kukisukuma, na mpeleke hospitali bila kuchelewa. Asile wala kunywa njiani, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Hospitalini mhudumu huweka vidole gumba vilivyofungwa kitambaa juu ya magego ya chini au pembeni mwake, hukandamiza taya chini, kisha hulirudisha nyuma. Namna hiyo ya kulirudisha ilikwisha kuelezwa na madaktari wa Ugiriki ya kale zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Saa za mwanzo kazi huwa nyepesi. Kadiri muda unavyopita misuli huzidi kukaza. Taya lililoachwa kwa wiki kadhaa huenda likahitaji upasuaji.

Mwambie pia daktari dawa unazotumia. Baadhi ya dawa, kama metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya magonjwa ya akili, zinaweza kukaza misuli ya taya na kulipindisha.

Daktari atachunguza nini?

Kituo cha kwanza kinaweza kuwa daktari wa meno. Atapima mdomo unafunguka kiasi gani, atabonyeza misuli na kiungo, atasikiliza mlio, na atatazama kama meno yana dalili za kusagana. Mweleze pia kama viungo vyako vingine huteguka, kama ngozi yako hunyooka sana au huacha makovu mapana, na kama kuna ndugu mwenye hali hiyo. Mgonjwa asipoyasema hayo, daktari anaweza asiuone uhusiano wake na taya.

Eksirei huonyesha mifupa na meno. Kipimo cha MRI huonyesha kisahani cha gegedu, lakini ni ghali na wagonjwa wengi hawakihitaji. Tatizo likiwa kubwa, mgonjwa hupelekwa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, ambao wanapatikana katika hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, Kenyatta jijini Nairobi na Mulago jijini Kampala.

Matibabu: kulituliza na kuliimarisha

Wagonjwa walio wengi hupata nafuu bila upasuaji. Lengo kwa mwenye viungo vilegevu si kulinyoosha taya zaidi bali kulipa mshiko. Mazoezi ya kufungua mdomo kwa nguvu, ambayo humsaidia mwenye taya lililobana, yanaweza kumdhuru mwenye taya lililolegea. Haya ndiyo yanayopendekezwa:

- Ukipiga mwayo, weka ngumi au kiganja chini ya kidevu ili mdomo usipanuke sana. Au gusisha ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele ya juu. Ulimi ukikaa hapo mdomo hauwezi kufunguka kupita kiasi.
- Kata chakula vipande vidogo. Menya na katakata embe au tufaha badala ya kuling'ata zima. Pumzika na miwa, mahindi makavu ya kuchoma, nyama ngumu na ubani. Mirungi, inayokaa shavuni kwa saa nyingi, huchosha misuli hiyo hiyo.
- Usipokula wala kuongea, midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Jikumbushe mara kadhaa kwa siku.
- Tumia kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 kwenye misuli inayouma.
- Fanya zoezi la kufungua mdomo taratibu mbele ya kioo, ulimi ukiwa kwenye kaakaa, taya likienda wima bila kupinda. Mara chache kila siku, bila maumivu. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukuelekeza vizuri zaidi.
- Dawa kama parasetamoli au ibuprofeni husaidia kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito asitumie ibuprofeni bila kuongea na daktari.

Anayesaga meno usiku anaweza kutengenezewa kifaa cha plastiki cha kuvaa juu ya meno wakati wa kulala. Upasuaji huachwa kwa wachache ambao taya lao huteguka mara kwa mara au ambao njia nyingine zimeshindikana. Kwa mgonjwa wa Ehlers-Danlos uamuzi huo hupimwa kwa makini zaidi, kwani tishu zake huweza kupona polepole na kulegea tena.

Kabla ya kung'oa jino au kufanyiwa upasuaji

Mwenye taya linaloteguka amwambie daktari wa meno kabla hajalala kwenye kiti. Kazi ndefu inaweza kugawanywa katika siku mbili, mgonjwa akapumzishwa kila baada ya dakika chache, na kifaa kidogo cha kuegemeza meno kikapunguza mzigo wa misuli. Wagonjwa wa Ehlers-Danlos wengi husema pia kwamba sindano ya ganzi haiwashiki vizuri au huisha mapema. Mgonjwa anayesema bado anasikia maumivu aaminiwe, asiambiwe kuwa ni mwoga.

Vivyo hivyo kwa upasuaji wowote wa nusukaputi. Mtaalamu wa usingizi hufungua mdomo wa mgonjwa ili kupitisha mpira wa kupumulia, na taarifa hiyo humsaidia kulishika taya kwa uangalifu.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Si kila maumivu ya taya yanatokana na kiungo. Nenda hospitali haraka ukiona mojawapo ya haya:

- Taya kukaza na mdomo kushindwa kufunguka baada ya jeraha, hasa kwa mtu ambaye hajachanjwa. Inaweza kuwa pepopunda.
- Maumivu ya taya pamoja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi. Inaweza kuwa moyo.
- Homa na uvimbe wa shavu au chini ya taya, au shida ya kumeza. Inaweza kuwa usaha wa jino.
- Kwa aliyezidi miaka 50, maumivu ya taya wakati wa kutafuna pamoja na kichwa kuuma kwenye panja au kuona ukungu. Kuchelewa kunaweza kuleta upofu.
- Uvimbe au kidonda kinywani kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili.

Kwa wazazi, mtoto mwenye viungo laini aendelee kucheza na kukimbia, kwa sababu misuli imara ndiyo kinga yake. Asihimizwe tu kuwaonyesha wageni jinsi anavyotegua vidole au kulichezesha taya lake. Na kwa mtu mzima ambaye amezunguka hospitali kadhaa kwa sikio au jino lisiloonyesha kasoro, inafaa amuulize daktari swali moja fupi: je, umeliangalia na taya?